Samaki wa Siku ya Ukaguzi

Kwa wiki tatu mfululizo, kila Jumatano akitoka kazini, Jitske Hoekema alipitia duka la Wiebren la samaki wa kufuga kule mjini Leeuwarden, akasimama mbele ya matangi, akauliza maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha akarudi nyumbani Dokkum mikono mitupu. Jumatano ya tatu alikuta amewekewa kigoda.

"Leo unachukua, au tunatazama tena?" Wiebren alimwuliza.

"Tunatazama."

"Haya, kaa. Kutazama silipishi."

Alichokitafuta kilikuwa rahisi kukitaja: samaki mmoja wa rangi asiyekula matumbawe. Tangi lake la maji ya chumvi lilikuwa limetimiza miaka minne, refu kama sofa ya watu watatu, na matumbawe yake aliyapanda mwenyewe kipande kwa kipande, mengine yakiwa madogo kama ukucha siku alipopewa na wenzake wa chama cha wafuga samaki. Sasa yalikuwa yamenenepa na kufunika mawe. Lakini waliokuwa wakiogelea juu yake ni samaki wawili wa kijivu na mmoja wa kahawia anayeshinda akikwangua mwani kwenye kioo. Mtu akiingia sebuleni husema, "Mawe mazuri," halafu huuliza samaki wako wapi.

"Yule mwekundu je?"

"Mzuri, lakini ana tabia. Atakaa kwako mwaka mzima bila kosa, siku moja ataonja tumbawe, na akishaonja ndiyo basi."

"Na huyu wa milia ya manjano?"

"Huyo anakula matumbawe kama wewe unavyokula chipsi, mwanangu."

Alibaki mmoja, mdogo kama kidole gumba, nusu ya mbele zambarau na nusu ya nyuma manjano, kana kwamba amechovywa mara mbili. Alikuwa amejibanza ndani ya tundu la jiwe, akitoa kichwa na kukirudisha. Wiebren alisema huyo hana ugomvi na mtu wala na tumbawe, ila ni mwoga, anataka pango lake na aachwe. Jitske alicheka peke yake. Alijua amempata. Hata hivyo hakumnunua siku ile, kwa sababu jambo lolote la tangi hakuwahi kuliamua kabla ya kumpigia simu mjomba wake.

Mjomba Gerlof, kaka wa mama yake, alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafuga samaki cha Dokkum kwa mwaka wa kumi na moja. Ndiye aliyemfundisha kupima chumvi, ndiye aliyebeba naye lile tangi hadi ghorofa ya pili, wakipumzika kila ngazi ya tano. Alipoambiwa habari za samaki wa zambarau na manjano, alicheka simuni.

"Huyo kila mtoto wa shule anaye. Unataka mwamuzi apige miayo? Usinunue kitu. Samaki utaletewa."

"Atatoka wapi, Mjomba?"

"Wewe safisha vioo. Mengine niachie mimi."

Mwamuzi aliyemtaja alikuwa wa ukaguzi wa majumbani. Kila Novemba chama huleta mwamuzi kutoka mkoa mwingine, naye hupita nyumba kwa nyumba siku nzima ya Jumamosi na fomu zake, akitoa alama kwa afya ya samaki, kwa mpangilio, kwa rangi; jumla yake ndiyo alama ya chama. Wanachama humfuata nyuma kwa magari, wakivua viatu kila mlangoni na kunywa kahawa kila sebuleni, mpaka jioni matumbo yanapiga kelele. Fomu ina mstari unaouliza kila samaki yupo tangu lini, maana mgeni hupata alama chache na wa kuazima haruhusiwi. Jitske alikuwa amefuata msafara huo miaka minne, akisimama nyuma ya wote. Mwaka huu tangi lake lingekaguliwa kwa mara ya kwanza, tena nyumba ya kwanza katika orodha. Alikuwa hajalala vizuri tangu Oktoba.

Ijumaa saa kumi na moja jioni, kengele ililia. Mjomba Gerlof alikuwa mlangoni na ndoo nyeupe yenye kifuniko, na nyuma yake Foekje, katibu wa chama, mwanamke mwenye kicheko kinachomtangulia ngazini, akibeba keki ya sukari ya waridi.

Harufu iliingia kabla yao. Haikuwa harufu ya bahari. Ilikuwa kama maji ya vasi ambamo maua yameoza wiki mbili, na chini yake kitu kama dawa iliyopitwa na wakati. Jitske alirudi hatua moja bila kutaka.

"Pua itazoea," alisema Foekje. "Hiyo ndiyo harufu ya ushindi, mpenzi."

Mjomba aliiweka ndoo katikati ya zulia na kufungua kifuniko kama mtu anayefunua sufuria ya sikukuu. Chini kabisa alilala samaki aitwaye mandarini. Jitske alikwisha kuwaona kwenye matangi ya watu, lakini kwa karibu hivi hakuwahi. Mwili wake ulikuwa wa buluu nzito, umechorwa mistari ya rangi ya chungwa inayopindapinda, na juu ya mapezi kulikuwa na kijani kisichofanana na jani lolote. Macho yalikuwa makubwa ya chura. Hana magamba, ana ute tu, na akiogopa huutoa mwingi, nao ndio unaonuka. Maji ya ndoo yalikuwa yamekuwa mazito. Nyuzi za ute ule zilining'inia toka pembeni kama makamasi.

"Jamani," Jitske alisema. "Jamani, Mjomba."

"Si nilikwambia? Huyu hagusi tumbawe hata kwa bahati mbaya. Na rangi unaiona mwenyewe."

Foekje alichovya kidole ndani ya ndoo na kumsukuma yule samaki ubavuni ili ageuke. "Geuka, bibi harusi, waonyeshe gauni." Samaki aligeuka. Foekje akafuta kidole kwenye suruali, kisha kwa kidole kilekile akamega keki na kuitia mdomoni. Jitske alikitazama kile kidole kikiingia na kutoka, na mate yakamjaa mdomoni, yale ya mtu anayetaka kutapika.

"Sasa sikiliza," alisema Mjomba. "Akae ndooni mpaka kesho saa mbili u nusu asubuhi. Hapo unamtia. Mwamuzi anafika saa tatu. Na usimpe chochote, umenisikia? Hata punje. Akishiba hatoki."

"Hatoki wapi?"

Foekje alimtazama Gerlof. "Hujamwambia?"

"Nilikuwa nafikia hapo."

"Ee Mungu wangu, hajamwambia!" Foekje alicheka mpaka sukari ya waridi ikamtoka mdomoni ikadondoka mezani. Akatoa mkobani bomba la plastiki angavu, refu kama mkono, limezibwa upande mmoja. "Mwamuzi akishaandika alama, unatia hili ndani, na huku mwisho unaweka kamba wachanga walio hai. Ana njaa ya siku nne, anaingia mwenyewe kama mtu anayeingia dukani. Unaziba, unampa mjomba wako, anakuja kwangu mbio kabla mwamuzi hajamaliza kahawa yake hapa. Kutoka kwangu anakwenda kwa Rienk, nyumba ya tatu. Yule wa mwaka jana kwangu aliingia bombani hata yule mzee wa fomu hajafunga kamba za viatu."

"Mwaka jana?" Jitske aliuliza.

Alikumbuka. Mwaka jana, sebuleni kwa Foekje, alikuwa amesimama mbele ya mandarini, akajikaza, akasema mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Saa tatu baadaye, kwa Rienk, alimwona mwingine, akasema tena, bila kuulizwa, kwamba lazima huyu ni ndugu wa yule. Watu walicheka sana. Alidhani wamempenda. Alirudi nyumbani siku ile akiwa na furaha, akamwambia mama yake kwamba hatimaye amezoeana na watu wa chama.

"'Lazima ni ndugu yake!'" Foekje aliigiza sauti yake, nyembamba na ya haya. "Rienk alimwaga kahawa. Tulikucheka mpaka Pasaka, mpenzi, lakini kwa mapenzi, usikasirike."

Jitske alihisi uso ukimwaka. Aliinama kwenye ndoo ili wasimwone.

"Na yule wa mwaka jana yuko wapi?"

Mjomba alijikuna shingo. "Mandarini hawaishi sana kwenye matangi. Wanajulikana."

"Huyu ni wa tano," alisema Foekje, akilamba vidole kimoja kimoja. "Hawafiki Krismasi, maskini. Wanakauka tu."

"Kwa sababu hamuwalishi."

"Umeanza," Mjomba alisema, na akatabasamu kwa upole uleule aliomfundishia kupima chumvi. "Wewe na huruma zako, ipo siku utafanyia mazishi hata kamba. Ni samaki mmoja, Jitske. Chama kizima kinapata alama. Tunywe kahawa, basi."

Walikunywa. Yeye aliwamiminia, maana hakujua namna nyingine ya kukaa na watu nyumbani kwake. Walipoondoka, nusu ya keki ilibaki mezani ikiwa na alama za vidole vya Foekje. Aliibeba kwa ncha za vidole kama panya mfu na kuitupa, halafu akanawa mikono mara mbili.

Kisha akapiga magoti mbele ya ndoo na tochi.

Kutoka juu, samaki yule alikuwa wa ajabu. Kutoka ubavuni, Jitske alipomtia katika chombo cha kioo, alikuwa jambo jingine. Tumbo halikuwapo. Palipopasa kuwa na tumbo palikuwa pamebonyea kwa ndani, na nyuma ya kichwa nyama ilikuwa imeisha hata uti wa mgongo ukachomoza chini ya ile buluu. Rangi zote zilikuwa zimechorwa juu ya mifupa. Na Jitske alijua kwamba kifuniko kilipofunuliwa akaona rangi zile, jambo la kwanza alilowaza lilikuwa alama. Hata harufu aliisahau. Alikuwa amezihesabu. Hilo lilimchukiza kuliko kidole cha Foekje.

Hakuwa na hakika ya mambo mengi, lakini mawe yake aliyajua. Miaka minne ya kutoyaondoa wala kuyasugua ilikuwa imeyajaza vidudu, wadogo kama chembe za chumvi, wanaoonekana tu ukiweka tochi kiubavu: wanaruka, wanajificha, wanazaana. Mandarini, asipokuwa na njaa kali, hali kitu kingine. Anashinda akitembea juu ya mapezi yake na kudonoa, mmoja mmoja, kutwa nzima, kama kuku uani. Kwa Foekje na kwa Rienk mawe yalisuguliwa kwa brashi kila mwezi ili yapendeze.

Alimwongezea maji ya tangi kwenye chombo kidogo kidogo, kwa saa nzima, kisha akamtia.

Samaki alishuka kama jani na kulala mchangani kwa ubavu. Samaki wa kahawia alikuja kumnusa, akaondoka. Jitske hakusogea. Baadaye yule mandarini alijiinua kwa mapezi, akatembea hatua nne, akasimama mbele ya jiwe na kulikazia jicho moja. Akadonoa. Akangoja. Akadonoa tena. Halafu akaingia chini ya mawe, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki pasipo kuvunja kitu.

Asubuhi saa tatu kasoro walikuwa kumi na wanane sebuleni, na jozi kumi na nane za viatu mlangoni. Nje mvua ilikuwa ya mlalo. Makoti yaliloa, soksi ziliacha alama za maji sakafuni, na chumba kilinuka nguo mbichi, kahawa na watu walioamka mapema. Mwamuzi, Bi Alida Roelofsen, alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama hamsini, aliyetoka kusini kwa mwendo wa saa mbili na nusu. Alivaa miwani kwenye kamba na hakunywa kahawa ya mtu.

Alitazama tangi kwa muda mrefu. Aliandika. Alisema matumbawe yametunzwa na mtu mwenye subira, na Jitske alitaka kujificha nyuma ya pazia kwa furaha. Ndipo mandarini akatokea upande wa kushoto, taratibu, akidonoa, na watu wote wakasema, "Aaa," kama ilivyopangwa. Foekje aliitoa yake ndefu kuliko zote.

"Yupo tangu lini?" aliuliza mwamuzi, kalamu juu ya mstari.

"Tangu Machi," alisema Mjomba Gerlof.

"Namwuliza mwenye tangi."

Watu walimgeukia. Jitske alikuwa na tabia ya kupoteza sauti mbele ya watu zaidi ya watatu. Alitazama soksi za mwamuzi, za kijivu, zenye tundu dogo kidoleni, akaziambia zile soksi:

"Tangu jana jioni. Si wangu. Baada ya hapa anapelekwa nyumba ya pili, halafu ya tatu. Hajalishwa siku nne. Kila mwaka wanafanya hivyo, na kila mwaka anakufa."

Mtu mmoja alikohoa. Mjomba alicheka kidogo, kicheko kisicho na hewa. Jitske alingoja mwamuzi akasirike. Alikuwa amengoja jambo hilo tangu usiku. Lilikuwa ndilo lililomfanya aweze kufungua kinywa.

Bi Alida alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena. "Binti," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "nikiandika hayo, nifunge fomu zangu nirudi kwangu na mvua hii. Na mkoa unaofuata nitayakuta yaleyale. Unadhani mimi sina macho?" Akaishusha kalamu. "Tuseme Machi."

Na akaandika Machi.

Pumzi ikarudi sebuleni. Mtu aliomba sukari. Foekje alimpita Jitske akamfinya shavu, kwa vidole vilevile. "Unatutisha, mpenzi wewe! Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi." Jitske alipangusa shavu kwa mkono wa sweta, akapangusa tena, mpaka likauma.

Mjomba alikuwa tayari amelichukua bomba. Alilishusha kwenye tangi taratibu, kamba wachanga wakicheza mwishoni mwake kama vumbi la rangi ya chungwa, na watu wakasogea kutazama, wengine vikombe mkononi. Mandarini alilitazama bomba. Akalipita. Akadonoa kwenye jiwe, akangoja, akadonoa.

"Njoo, bibi, njoo," alibembeleza Mjomba.

Dakika tano zilipita, kisha kumi. Mwamuzi alitazama saa. Samaki akaingia chini ya mawe na kutoonekana tena.

"Umempa nini?" Mjomba aliuliza bila kugeuka.

"Sikumpa kitu. Amejitafutia."

"Nilikwambia mpaka saa mbili u nusu! Nilikwambia kwa kinywa changu!" Alivua saa ya mkono, akaiweka juu ya kabati, akaanza kukunja mkono wa shati. "Haya. Tutainua jiwe moja. Moja tu, lile la juu."

Lile la juu lilikuwa na tumbawe la zambarau alilolipanda likiwa na ukubwa wa punje ya mahindi, na sasa halienei katika sinia. Lakini Jitske hakuliwazia. Aliuona mkono wa mjomba wake, mweupe, wenye nywele, ukizama majini hadi kwenye kiwiko, ukipapasa chini ya mawe kama unaotafuta sarafu chini ya sofa. Alijitoa ukutani alipokuwa ameegemea, akapenya kati ya watu, akaushika mkono ule juu ya kiwiko kwa mikono yake miwili.

"Toa mkono wako, Gerlof."

Maisha yake yote hakuwahi kumwita bila kusema Mjomba. Alilisikia jina likibaki hewani tupu. Gerlof naye alilisikia. Akamtazama kama mtu aliyekutana na mgeni ndani ya nyumba yake, na mkono ukatoka wenyewe, ukidondosha maji kwenye zulia.

"Loo!" alisema Foekje. "Mjomba mtu anaambiwa hivyo! Na kwangu je? Kwangu mwamuzi akague mchanga?"

"Akague ulichonacho," Jitske alisema. Kisha akamgeukia Bi Alida. "Naomba fomu yangu."

"Nimekwisha kuijaza. Ni alama nzuri, binti. Ni nzuri sana."

"Naomba."

Mwamuzi alimpa. Aliitoa haraka kidogo, kama anayetua mzigo. Kisha watu walikwenda kutafuta viatu. Gerlof alitoka wa mwisho. Saa yake aliisahau juu ya kabati, akarudi kuichukua, hakumtazama.

Saa nane mchana mama yake alipiga simu.

"Umemfanya nini mjomba wako? Amekaa jikoni kwangu hasemi. Kesho ni siku yake ya kuzaliwa, Jitske. Utakuja, utakaa kwenye duara la viti na watu wote kama kila mwaka, utampa mkono na kumtakia heri. Na Foekje atakuwepo, nawe utamsalimu."

"Sitakuja, mama."

"Kwa sababu ya samaki?"

Jitske alikuwa ameketi sakafuni, fomu imekunjwa chini ya paja. Harufu ya ute ilikuwa bado iko chumbani. Alikuwa amefungua madirisha yote mawili na mvua inaingia. Alijaribu kupata maneno ya kumweleza mama yake kuhusu kidole, kuhusu neno Machi, kuhusu watu kumi na wanane waliovua viatu vyao kwa adabu mlangoni kwake.

"Si kwa sababu ya samaki," alisema.

Mama yake, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kuanzia, akauliza, "Ni mzuri angalau, huyo samaki? Gerlof anasema ana rangi za ajabu."

Jitske alimtafuta kati ya mawe. Alikuwa karibu na kioo, akitembea juu ya mapezi yake, akidonoa, na mwanga wa taa ulimpiga ubavuni, pale palipobonyea.

"Sijui, mama," alisema. "Bado ni mwembamba mno."